Kwa nini mayai ya mbu wa malaria hujipanga pembetatu na nyota juu ya maji?

Anopheles, mbu anayeeneza malaria, hutaga mayai mojamoja juu ya maji yaliyotulia: dimbwi la mvua, alama ya kwato iliyojaa maji, ukingo wa jaruba la mpunga. Yai lina urefu wa takriban nusu milimita, na ubavuni lina maboya madogo ya hewa. Gundi halina. Lakini ukiyatazama baadaye kwa kioo cha kukuzia, utayakuta yameshikana, mengine ubavu kwa ubavu, mengine ncha kwa ncha hadi yakaunda pembetatu na nyota. (Culex, yule wa makaro na mitaro, ni habari nyingine. Jike wake huyagandisha mayai yakiwa wima wakati anataga, kwa hiyo chelezo chake, yaani mayai yaliyoshikana yakielea pamoja, ni kazi ya mama.)

Mayai ya Anopheles yanapangwa na mvutano wa uso wa maji. Molekuli za maji huvutana, na zile za juu kabisa hazina wenzao upande wa hewa, hivyo uso wote hujikaza ili uwe na eneo dogo iwezekanavyo. Kwa maji safi ya nyuzijoto 20 mkazo huo ni takriban milinyutoni 73 kwa kila mita. Kitu kinachoelea huukunja uso, mkunjo huongeza eneo, na eneo la ziada linahitaji nishati. Vitu viwili vikisogeleana, mikunjo yao huungana na eneo hupungua. Kwa hiyo mayai hayavutani kama sumaku: kila moja linateleza kwenye mteremko uliotengenezwa na jirani yake.

Upande wa mteremko ndio unaoamua nani ataungana na nani, na hilo unaweza kuliona mezani. Chukua bakuli la kioo, lisafishe, kisha lisuuze hadi isibaki sabuni hata kidogo, kwa sababu sabuni hushusha mvutano hadi chini ya nusu na klipu zitazama. Jaza maji, ubakize kama sentimita moja kufika ukingoni. Laza klipu mbili za karatasi juu ya maji kwa kutumia kipande cha karatasi ya shashi. Shashi ikishalowa, isukume chini taratibu, klipu zitabaki zikielea. Klipu ni nzito na maji hayaishiki vizuri, kwa hiyo kila moja hukaa kwenye bonde lake. Zikiwa karibu, zinatumbukiana na kugusana. Sasa dondosha chembe za polistireni, ile fomu nyeupe ya kufungashia televisheni, za milimita 2 au 3. Hizi ni nyepesi, maji yanazisukuma juu, na uso unaozizunguka unapanda kuzielekea. Chembe kwa chembe zitaungana, ila chembe na klipu zitakimbiana, maana mmoja anatafuta mlima na mwingine bonde.

Ukingo wa bakuli nao huvuta. Maji hupanda kidogo kwenye kioo, hivyo chembe nyepesi zitajikusanya pembeni. Ongeza maji hadi yavimbe juu ya ukingo, nazo zitahamia katikati. Zisiposogea kabisa, huenda ziko mbali mno: mkunjo hufifia haraka baada ya milimita 2.7 hivi, na kwenye sentimita mbili haupo tena. Zikirukaruka au kung'ang'ania vidole, huo ni umeme tuli. Zioshe kwanza.

Kosa linaloudhi zaidi ni chembe kushikana ovyo na kuacha matundu badala ya kupangika pembesita, kila moja ikizungukwa na sita. Kwa ukubwa huu mtikisiko wa joto wa molekuli hauwezi kuzibandua zilizokosea mahali, kwa hiyo inabidi uusaidie mvutano kuzipanga: tikisa bakuli kwa mzunguko mdogo, taratibu. Chembe ziwe za ukubwa mmoja, vinginevyo hata mtikiso hausaidii.

Ukizidi kupunguza ukubwa, mambo yanageuka. Katika mvutano huu unaotokana na uzito, nishati hufuata nusu kipenyo kikiwa kimepandishwa kwenye kipeo cha sita: punguza chembe iwe nusu, nishati inashuka mara 64. Chini ya mikromita 10 hivi (sehemu moja ya mia ya milimita), mtikisiko wa joto wa molekuli huishinda. Hata hivyo chembe ndogo kuliko hapo hukusanyika vizuri tu, kwa sababu umbo linachukua nafasi ya uzito. Pale maji yanapogusa kitu kirefu kama yai, mstari wa mguso hauwezi kulala bapa. Kwenye ncha unakunjwa upande mmoja na ubavuni upande wa pili. Ncha huitafuta ncha, au ubavu ubavu, kulingana na jinsi maji yanavyolishika ganda. Loudet na Pouligny wa Ufaransa walitumia chembe za polistireni zenye umbo la yai kueleza mipangilio ya mayai ya mbu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011.

Maabara huutumia ujuzi huu kutandaza safu moja ya tufe za polistireni zenye upana wa nanomita mia kadhaa. Mchanganyiko wa tufe na maji huongezwa ethanoli kiasi sawa, kisha hudondoshwa juu ya kioo safi kilichoinamishwa ndani ya maji, ili utambae hadi juu ya uso. Ukidondosha moja kwa moja kwa kasi, tufe huzama na hazirudi, maana polistireni ngumu ni nzito kidogo kuliko maji. Tone dogo la sabuni ya maabara pembeni huisukuma safu ijibane. Likizidi, safu yenyewe huvunjika.

Safu huchotwa kutoka chini kwa bamba lililoinamishwa na kuachwa ikauke. Hapo ndipo mvutano unapokuwa mkali zaidi: kundi la watafiti wa Bulgaria na Japani lilionyesha mwaka 1992 kwamba upangaji huanza pale unene wa maji unapolingana na kipenyo cha chembe, vichwa vinapochomoza. Kausha polepole, kwa kufunika. Ikikauka kwa haraka, safu hupasuka, na tufe moja kubwa kuliko wenzake hupindisha mistari yote inayolizunguka.