Nguzo za Uzio Kwenye Ardhi Ngumu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tunaposema "ardhi ngumu" tunataja kwa jina moja vitu vitatu tofauti: udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na jua, udongo uliojaa mawe, na mwamba wenyewe. Makosa mengi ya wajenzi wa uzio huanzia hapo, kwa kuwa njia inayofaa kwa kimoja hutumiwa kwa kingine, na lawama huangukia nguzo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nguzo ikigoma kuingia, kinachohitajika ni nyundo nzito zaidi. Ukweli ni kwamba nguzo iliyokwisha kukalia jiwe haina pa kwenda, hivyo nguvu yote ya pigo huirudia yenyewe: ya mti hupasuka kichwani, ya chuma hupinda au huzunguka na kutoka kwenye mstari. Kabla ya kuigusa nguzo, anza kwa kupiga ardhi kwa mtaimbo. Mtaimbo ukitoa mlio mkali na kukurudishia mtikisiko mikononi, umegonga jiwe. Ukitoa mlio mzito na kuzama hata kidogo, huo ni udongo ulioshikana tu. Sogeza mtaimbo sentimita 10 hivi kila upande, upige tena. Jiwe lina ukingo, na ukishaujua ukingo wake unaweza kulichokonoa na kuling'oa, ilhali mwamba hulia vilevile kila unapogusa. Kazi hii ya dakika chache huokoa nguzo nyingi.

Wapo wanaoamini kuwa maji hulainisha kila ardhi. Kwa mfinyanzi mkavu ni kweli: toboa tundu jembamba kwa mtaimbo, lijaze maji jioni, na asubuhi utakuta kazi imepungua. Katika changarawe maji hupotea chini, na mwamba hauyajali kabisa. Hata kwenye mfinyanzi kuna masharti, kwa maana nguzo iliyopigiliwa kwenye tope italegea, hivyo ni lazima udongo ushindiliwe upya unapoanza kukauka.

Dhana yenye hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba ardhi ngumu hushika sana, kwa hiyo kina kifupi kinatosha. Mtu aliyechoka huipenda hoja hii kwa sababu inampa ruhusa ya kuacha kuchimba. Lakini nguzo hufanya kazi kama wenzo: anayeegemea juu yake, au waya unaoivuta, hupata msaada wa urefu wote ulio juu ya ardhi, na kinachopinga ni ule uliozikwa tu. Ndiyo sababu mafundi wengi hufuata kanuni ya kuzika thuluthi ya nguzo, yaani uzio wa mita 1.2 huhitaji nguzo ya mita 1.8 iliyoingia sentimita 60, na nguzo za pembeni, zinazobeba mvutano wa waya wote, huhitaji zaidi ya hapo pamoja na mhimili wa kuziegemeza. Tena mfinyanzi uliokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi hulainika mvua zinaponyesha, na ule wenye tabia ya kuvimba ukilowa na kunywea ukikauka hufungua nyufa kuzunguka nguzo, kiasi kwamba nguzo fupi hulala bila hata kusukumwa. Kina kifupi hukubalika palipo mwamba mzima tu, na hapo nguzo haipigiliwi bali husimikwa kwa saruji ndani ya tundu lililotobolewa.

Kuchonga ncha kali husaidia kwenye udongo, wala si kila mahali. Penye mawe ncha huteleza ubavuni mwa jiwe na kuivuta nguzo upande, hasa ikiwa imechongwa kwa kuegemea upande mmoja. Heri kutanguliza tundu la mtaimbo.

Kuhusu zege, wengi hudhani kuwa bila hiyo nguzo haisimami. Kokoto na udongo vilivyorudishwa kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila tabaka ikishindiliwa barabara, hushika vizuri sana, na penye mawe tayari unayo kokoto uliyoichimba mwenyewe. Nguzo ya mti huoza zaidi karibu na uso wa ardhi, mahali unyevu na hewa vinapokutana. Zege iliyoachwa kama bakuli kuizunguka hukusanya maji hapohapo. Ukiitumia, inyanyue kidogo juu ya ardhi na uipe mteremko wa kumwaga maji.

Miwani ya kukinga macho si mapambo, kwani chuma kikigonga chuma hurusha vipande. Na kabla ya kupiga chochote, hakikisha hakuna nyaya za umeme wala mabomba chini.

Hatimaye, si kweli kwamba uzio hauwezi kupita juu ya mwamba. Nguzo ya kati inaweza kusogezwa kidogo bila madhara, ila ya pembeni haina uhuru huo. Hapo hutobolewa tundu kwa drili ya mawe, vumbi likatolewa lote, kisha nondo au nguzo ya chuma ikasimikwa kwa saruji iliyokorogwa. Asiye na drili hutengeneza tenga la waya au kizimba cha mbao, akasimamisha nguzo katikati na kulijaza mawe, mpaka uzito wake ufanye kazi ambayo kina kingeifanya.