"Mungu haulizwi": tunayowaambia wafiwa na yaliyomo kwenye Biblia

Karibu kila matanga ninayohudhuria hapa Malindi, iwe Muyeye, Maweni au kule Gede, nasikia maneno yaleyale. Mama kafiwa, hata kukaa mkekani hajaweza, na tayari kuna dada wa kanisa kamshika bega: "Jikaze, mama. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu haulizwi." Majuma machache baadaye mama huyohuyo anakuja kwangu kwa ushauri na kusema hawezi kuomba tena. Atawezaje, na sisi ndio tuliomfunga kinywa?

Dhana: Kumlilia Mungu kwa uchungu na kumuuliza "mbona?" ni kukosa imani.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, hasa kwa kuwa wanaoieneza humtumia Ayubu kama shahidi. Sura ya kwanza wanaijua kwa moyo: Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Hapo wanafunga Biblia. Jamani, kitabu kina sura 42! Fungua ya 3 umsikie Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa. Ya 7, anamuuliza Mungu mbona amemfanya shabaha yake. Ya 23, anatamani kujua Mungu alipo amwendee, aweke kesi yake mbele zake. Wale marafiki watatu ndio wanaosema ya kwetu ya matangani: Mungu hakosei, tafuta dhambi yako, tubu. Mwishoni Mungu anamkasirikia nani? Anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, na wanaamriwa wapeleke ng'ombe 7 na kondoo 7 kwa Ayubu, ili yeye awaombee. Mlalamikaji ndiye anayewaombea waliotaka anyamaze.

Hana, yule mwanamke aliyekosa mtoto, naye alilia hekaluni, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania mlevi. Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, mbona umeniacha? Nani atamwambia ajikaze?

Wazee wa kanisa hunijibu: "Mchungaji, mbona basi Waisraeli waliadhibiwa kwa kunung'unika?" Ni swali la haki, na jibu limo katika Hesabu 11. Watu walilia kila mmoja mlangoni pa hema yake, wakikumbuka samaki na matango ya Misri, na kujuta kwamba walitoka huko. Musa, sura hiyohiyo, alimwendea Mungu mwenyewe akamwambia mzigo umemshinda, na kama ndivyo atakavyotendewa, afadhali amwue. Watu walipata pigo, Musa akapata wazee 70 wa kumsaidia kubeba. Wale walimsema Mungu pembeni, Musa alimwambia usoni. Kwa hiyo unapomnyamazisha mtu anayemlalamikia Mungu katika maombi, unamtoa alipo Musa na kumrudisha hemani akanung'unike.

Dhana: Sawa, lia, lakini lazima umalizie kwa sifa.

Si lazima. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na hakuna aliyeiongezea haleluya. Ninaowashauri huwapa Zaburi ya 13, yenye mistari 6 tu. Isome kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Ukifika kwenye "hata lini", simama, taja shida yako ilivyo: karo, ile mimba iliyotoka, mume aliyehama. Mstari wa mwisho wa kuimba ukikushinda leo, uache. Utaukuta kesho.

Dhana: Mwanamume halii mbele za Mungu.

Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, watu wakimwona. Waebrania 5:7 yasema aliomba kwa kulia sana na machozi. Sina la kuongeza.

Dhana: Ukijitesa zaidi, Mungu atasikia haraka.

Baada ya vifo vya msitu wa Shakahola, sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kuinyamazia hii. Tangu 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, watoto wakiwemo, kwa mafundisho ya kufunga hadi kufa. Katika Biblia, 1 Wafalme 18, waliojikata miili ili wasikilizwe ni manabii wa Baali, na hawakujibiwa. Sura inayofuata, Elia amechoka, amelala chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na gudulia la maji, Elia akala, akalala, akaamshwa ale tena. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu mwenye uchungu ni kama amekula, na pale kwangu uji haukosekani. Akiniambia hajapata usingizi kwa majuma, au anataja kufa, simwachi aende peke yake. Tunakwenda hospitali siku hiyohiyo, nakaa naye kwenye foleni, na njiani akitaka kumlilia Mungu, analia.