Mavis Staples na sauti ya chini

Kila nikigawa sauti kwenye kwaya lazima dada mmoja anifuate pembeni, mwalimu naomba nihamie sauti ya kwanza, huku ya pili mtu hata husikiki. Zamani nilikuwa nabishana nao, siku hizi namwekea tu Mavis Staples, yule mwimbaji wa injili na soul wa Marekani, kwenye simu.

Huyu mama kazaliwa Chicago 1939, kaanza kuzunguka makanisani na baba yake na ndugu zake mwaka 1948, hajafika hata miaka kumi, na kavuka themanini bado anapanda jukwaani. Watu husema ni kipaji. Sawa, kipaji kipo, ila mimi kama mtu wa kufundisha sauti naona kitu kingine: hajawahi kukimbizana na noti za juu. Anaimbia kifuani, karibu na sauti anayoongelea, anakata mstari mfupi, anaguna, anaacha nafasi. Hiyo nafasi ndo anavutia pumzi. Wengi wetu tunaijaza kwa mbwembwe, tunafika ubeti wa tatu tunahema kama tumepanda mlima.

Kwao ilikuwa rahisi kuacha nafasi kwa sababu gitaa la mzee lilikuwa linajaza. Roebuck Staples, wenyewe walimwita Pops, alikulia Mississippi kwenye shamba la Dockery alikokuwa anapiga mkongwe wa blues Charley Patton, kwa hiyo injili yake ina blues ndani yake, na lile gitaa lilikuwa linatetemeka kama maji kwenye beseni ukiligusa. Wakaimba kwenye mikutano ya Martin Luther King, mwaka 1971 wakafika mpaka Accra kwenye tamasha la Soul to Soul.

Wakati huo walishahamia Stax, kampuni ya kurekodi muziki ya Memphis, tangu 1968 na baadhi ya watu wa kanisani walishaanza kunung'unika kwamba wameenda duniani. Jamani, sikilizeni I'll Take You There, ule wa 1972 ulioshika namba moja Marekani. Hilo ni pambio kabisa! Chord mbili za gitaa, maneno machache, halafu yeye anaita wenzake wanaitikia, anamwita mpaka baba yake apige. Mtu aliyelelewa kwenye mapambio hawezi kuniambia hiyo si ibada.

Baada ya Stax kufilisika mambo yakalegea. Mwanamuziki Prince akamtengenezea albamu mbili, 1989 na 1993, hazikuuza. Pops akafariki 2000, na ile albamu ya kurudi ya 2004 ilibidi aanze kuirekodi kwa hela yake mwenyewe. Grammy ya kwanza kaja kuipata 2011, ana miaka 71, kwa albamu ya You Are Not Alone aliyotengenezewa na mwanamuziki Jeff Tweedy, ambaye kwa maoni yangu alifanya jambo moja la maana sana, alimwacha aimbe anavyoimba. Wimbo mmoja humo waliuimba bila ala, kwenye ngazi za jengo, baridi kali.

Ila mimi wanafunzi naanza nao na Uncloudy Day ya 1956, sauti ile nzito ya binti mdogo tu. Yule dada wa mwisho alisikiliza mpaka ukaisha, akavua hedifoni, akaniuliza, mwalimu, huyu kaka anaitwa nani?