Je, wajua kwa nini meza uliyoipanga mwenyewe huifanya kazi iende?

Wengi tulioanza kufanyia kazi nyumbani tulianzia meza ya chakula. Asubuhi unasogeza chupa ya chai, unafungua kompyuta. Saa saba mchana unakusanya kila kitu ili watoto wale. Mimi hutafsiri nyaraka, na niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Kisha nikahamia chumba cha nyuma: meza ya mninga aliyoniachia baba, khanga ya mama ukutani, na kipande cha tumbawe cha kukandamizia karatasi feni inapowaka. Kazi ilikuwa ileile, na saa zilezile, lakini kurasa zikaanza kwenda. Nikataka kujua sababu, maana sikuwa nimenunua chochote.

Jibu zuri kuliko yote niliyokutana nayo linatoka Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Mwaka 2010 wanasaikolojia Craig Knight na Alexander Haslam walichapisha majaribio ambamo watu walipewa kazi za kawaida za ofisini katika mazingira ya aina nne. Kundi la kwanza lilikaa kwenye chumba kitupu: meza, kiti na vifaa vya kazi, basi. La pili lilikuta chumba kimeshapambwa kwa mimea na picha. La tatu lilipewa mimea na picha zilezile, likaambiwa lipange lipendavyo. La nne lilipanga pia, ila msimamizi akaja akapangua na kuweka anavyotaka yeye.

Kwa ufanisi wa kazi, waliopambiwa chumba waliwashinda wa chumba kitupu kwa takriban asilimia 17. Waliojipangia waliwashinda kwa takriban asilimia 32. Mimea ni ileile na picha ni zilezile. Kilichobadilika ni mkono uliozipanga. Na wale waliopanguliwa? Faida yote ilipotea, wakarudi kiwango cha waliokaa kwenye chumba kitupu, ingawa chumba chao kilikuwa bado kina mapambo. Ndiyo sehemu inayonigusa zaidi. Mtu akikupangulia meza yako hata kwa nia njema, anakuwa amekuondolea kile kilichokuwa kinakusaidia.

Watafiti walieleza kwamba mtu akiwa na sauti juu ya mahali anapofanyia kazi, hujiona mahali hapo ni pake, hutulia, na utulivu huo huingia kwenye kazi. Kwa hiyo kunakili picha nzuri ya ofisi uliyoiona mtandaoni, mpaka rangi ya taa, ni kupambiwa tena, safari hii na mtu usiyemjua. Na kama una mtoto anayesoma nyumbani, mwachie meza yake aipange mwenyewe, hata akiweka kopo la penseli mahali ambapo wewe usingeliweka. Wapangaji ambao mwenye nyumba hataki misumari ukutani wasikate tamaa: kamba iliyofungwa kwenye nondo za dirisha hubeba picha kadhaa kwa vibanio vya nguo.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo mwili unayadai upende usipende, na la kwanza ni mwanga. Meza ya ofisi kwa kawaida hupangiwa mwanga wa kama lux 500 (lux ni kipimo cha mwangaza). Nje, hata siku ya mawingu, hufika 10,000. Jicho hujirekebisha haraka kiasi kwamba hatuioni tofauti hiyo, lakini ndani yake zimo seli ambazo kazi yake kubwa si kuona vitu bali kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Ukishinda kwenye chumba cha giza, taarifa hiyo hufika dhaifu. Weka meza ili dirisha liwe ubavuni: likiwa mgongoni, kioo cha kompyuta kitang'aa, likiwa mbele, macho yatachoka kwa kuukunjia uso mwanga. Kwetu Dar es Salaam, dirisha la mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini mwaka mzima. La kaskazini au kusini ni la upole zaidi, kwa sababu jua la adhuhuri hupita juu sana na upenuo wa bati hulizuia.

Halafu mimea. Wauzaji wa maua watakuambia inasafisha hewa, wakitaja utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989. Utafiti ulifanyika kweli, lakini ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Kwenye chumba chenye dirisha, hewa inayoingia na kutoka hufanya kazi kubwa kwa mbali kuliko mmea wako wa chunguni. Sababu ya kuweka mmea ni macho na moyo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 23 dirisha lao lilitazama miti, 23 lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema zaidi na walitumia dawa kali chache za maumivu.

Na hapa nina fahari yangu. Ua dogo la zambarau linalojaa kwenye madirisha ya Ulaya, Saintpaulia, ni la milima ya Usambara. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, ndiyo maana mezani linataka mwanga wa dirisha bila jua la moja kwa moja, na maji umwagie udongo, usilowanishe majani yake yenye manyoya, yataota madoa.

Limebaki suala la mwangwi. Chumba cha vigae na ukuta mtupu huirudisha sauti, na kwenye kikao cha mtandaoni unasikika kama uko ndani ya pipa. Piga kofi moja katikati ya chumba, utalisikia likirudi. Nilidhani khanga ingetosha, lakini kitambaa chepesi kilichobandikwa bapa ukutani hunyonya sauti kidogo mno. Kilichosaidia ni pazia zito lenye mikunjo na godoro kuukuu lililosimamishwa nyuma ya mlango.

Khanga nimeiacha palepale. Imepauka, na maneno yake nusu yamefutika, lakini pindo lina alama ya kuungua kwa pasi ya mkaa ya mama, na hiyo ndiyo ninayoiona kila ninapoinua macho kutoka kwenye ukurasa.