Kujitolea ng'ambo: maana yake, na nani hulipa

Ukisema Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, kwamba fulani "anajitolea", watu watamfikiria kwanza mhitimu wa ualimu au uuguzi anayefanya kazi bila mshahara huku akisubiri ajira za serikali zitangazwe. Anapata posho ndogo, au hapati kitu, na anavumilia ili asikae bure. Matumizi hayo ni sahihi, lakini ndiyo yanayotuchanganya tunaposikia habari za kujitolea ng'ambo. Anayekwenda nje kujitolea hasubiri ajira, na wala hafanyi kazi hewani. Yuko chini ya mkataba.

Kwa ufupi, kujitolea ng'ambo ni kwenda kuishi na kufanya kazi katika jamii ya nchi nyingine kwa muda uliopangwa, bila mshahara, kwa makubaliano ya maandishi, katika kazi ambayo wenyeji wameiomba. Ukiondoa muda, unapata mhamiaji. Ukiondoa makubaliano, unapata mgeni anayezubaa. Ukiondoa ombi la wenyeji, unapata mtalii aliyeshika jembe, na hao Kigoma wanajulikana.

"Bila mshahara" haina maana ya "bila gharama". Mtu huyo anapanda ndege, anakula, analala mahali na pengine anaugua malaria. Lazima pawe na anayelipa, na ukimjua mlipaji utaielewa programu nzima. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, hulipiwa na serikali yao: mtu anafundishwa kwa miezi 3 hivi, kisha anafanya kazi miaka 2. Japani ilianzisha ya kwake mwaka 1965, nayo kwa kawaida ni miaka 2. Ujerumani ina weltwärts, iliyoanza mwaka 2008 kwa fedha za wizara yake ya maendeleo, kwa vijana wa miaka 18 hadi 28. Umoja wa Mataifa una mpango wake tangu mwaka 1970, wenye makao makuu Bonn, na humpa mtu posho ya kujikimu. Kisha yapo makampuni yanayomtoza mgeni mwenyewe. Analipia wiki mbili au tatu "za kujitolea", na mteja wa kampuni ni yeye, si kijiji. Si lazima wawe watu wabaya, lakini kampuni itamridhisha anayelipa, na hapo ndipo mambo huanza kupinda.

Suala la ombi lina mfano mzuri katika historia yetu. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea Peace Corps, mwaka huohuo wa 1961. Kundi lile la kwanza walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu nchi ilitaka barabara na ilisema hivyo. Leo kijiji cha Buhigwe au Uvinza kikitaka mtu wa kujitolea kinapaswa kusema kwa uwazi uleule: kazi ni ipi, ya miezi mingapi, atalala wapi, na mwenza wake wa kazi ni nani. Mwenza ndiye nguzo. Ni mwenyeji mwenye kazi yake pale pale, awe mwalimu, afisa maendeleo ya jamii au katibu wa kikundi, anayefanya kila kitu pamoja na mgeni. Mgeni asipokuwa na mwenza, kazi yake huondoka naye kwenye basi. Machi 2020, korona ilipoingia, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote duniani kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wenyeji wengi waliagwa kwa siku chache tu, na aliyekuwa na mwenza aliacha kazi ikiwa na mtu wa kuishika.

Tuchukue mfano wa sabuni, maana Kigoma mawese hayakosi na vikundi vya vijana vya sabuni vinaanzishwa kila mara. Mgeni anakuja na mizani ya kidijitali na hesabu sahihi: mawese kilo 1, kostiki soda gramu 134 hivi, maji gramu 300 hivi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya soda inachemka na kuruka usoni. Hesabu hiyo inabakiza asilimia 5 hivi ya mafuta ndani ya sabuni ili isichubue ngozi. Vipande vinakatwa, vinakaa wiki 4 kwenye hewa, vinauzwa, kila mtu anafurahi. Mgeni anaondoka. Baada ya miezi michache betri ya mizani inakufa, na kikundi kinaanza kupima soda kwa kikombe. Soda ya vipande bapa na ya punje hazina uzito sawa kwa kikombe kimoja, na pipa lililoachwa wazi hunyonya unyevu, soda ikapungua nguvu. Mara sabuni inachubua mikono, mara inabaki laini na kunuka mafuta, wateja wanarudi kununua ya dukani. Ukiuliza mradi ulikufaje, utaambiwa vijana ni wavivu. Ulikufa kwa betri. Mwenza angekuwepo tangu siku ya kwanza, angesema tutumie mizani ya mawe kama ya mwenye duka, na hesabu iandikwe kwa Kiswahili ukutani.

Mtaji nao usitarajiwe kwa mgeni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo ikiwa ya vijana. Mtu wa kujitolea anaweza kuwasaidia kuandika mchanganuo wa biashara na kutunza daftari la mapato. Akianza kugawa fedha za mfukoni, anaharibu nidhamu ya mkopo, na kikundi kinageuka foleni.

Ratiba pia huleta hasara za kijinga. Wageni wengi wa Ulaya hupata nafasi Juni hadi Agosti, na anayekuja Juni kufundisha anakuta shule zimefunga. Kwa vijana wa Katonga au Kibirizi wanaovua dagaa, kalenda yenyewe ni mwezi. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na mitumbwi inatulia ufukweni siku kadhaa. Mafunzo ya siku tano yakiangukia kwenye mbalamwezi, ukumbi unajaa. Yakiangukia kwenye giza, utafundisha viti. Kwa wakulima wa Kasulu na Kibondo, mvua zikishaanza karibu na Novemba usiitishe mkutano wa asubuhi.

Zipo kazi ambazo mgeni wa wiki mbili hapaswi kupewa kamwe. Ya kwanza ni kulea watoto katika makao. Mtoto anamzoea mtu, mtu anaondoka, anakuja mwingine, na kila kuondoka ni kidonda kipya. Makao yenyewe yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mgeni yeyote apitie kwa ofisa ustawi wa jamii. Ya pili ni ujenzi wa kubahatisha. Choo cha shule kilichochimbwa umbali usiofika mita 30 kutoka kisimani kimewaharibia watu maji kwa nia njema kabisa, wakati fundi wa kijijini angekataa tangu kwenye kamba ya kwanza.

Kwa upande wa karatasi, viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na mshahara. Mgeni wa kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na anayekiomba ni shirika lililosajiliwa linalompokea. Akishafika, aripoti kwa mtendaji wa kijiji au mtaa pamoja na barua ya utambulisho. Wanaoruka hatua hii huishia kujieleza uhamiaji badala ya kufanya kazi, na Kigoma, mkoa wa mpakani wenye historia ndefu ya kambi za wakimbizi, maswali hayo hayachelewi.

Njia hii ina pande mbili. Tangu mwaka 2013 weltwärts hupokea pia vijana kutoka nchi kama yetu wanaokwenda Ujerumani kufanya kazi kwenye chekechea, nyumba za wazee, mashamba au miradi ya mazingira. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa miaka 18 hadi 35, wanaopangiwa nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12. Kijana wa Kigoma anayetaka kwenda aanze mwaka mzima kabla. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndivyo vinavyokula muda, kwani huku mpakani maswali ya uraia wa wazazi huwa marefu. Akishavipata, pasipoti ni Sh 150,000. Kuna pia cheti cha polisi cha tabia njema na, kwa baadhi ya nchi za Afrika, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na viza ya Ujerumani hushughulikiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hesabu nauli ya kwenda zaidi ya mara moja.

Kwa weltwärts maombi hayapelekwi wizarani wala ubalozini, bali kwa shirika la hapa nchini lenye ubia na la Ujerumani. Chakula, malazi, bima na fedha ndogo ya matumizi hulipwa na programu, na kwa mwaka mmoja zipo siku 25 za semina. Mtu anayekuomba utume pesa "ya kuharakisha viza" kwa simu kabla hujaona mkataba, mwache na simu yake.

Mkataba wenyewe usomwe nyumbani, mbele ya baba, mama na wajomba. Wao wanajua mtoto amekwenda Ulaya, na Ulaya kwa kawaida hutuma pesa. Fedha ya matumizi ni ya nauli ya basi na vocha, haijengi nyumba wala haisomeshi mdogo wake, na ni rahisi zaidi kulisema hilo sebuleni, na karatasi mkononi, kuliko kulieleza kwa simu mwezi wa pili wa kukaa huko, baridi ikiwa imeingia.