Mshono wa alumini hukaguliwa upande wa chini

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha ukaguzi siku hizi yanafanana. Bati za alumini zimeunganishwa kwa uchomeleaji wa msuguano wa kukoroga (friction stir welding), juu mshono unang'aa, lakini zikianza kazi zinaachia kwenye mshono huohuo. Fundi anajitetea kwamba njia hii haina kasoro kwa kuwa alumini haiyeyuki. Hoja hiyo tumeijibu mara nyingi mno.

Kweli, haiyeyuki. Njia hii, iliyobuniwa TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji ya Uingereza, mwaka 1991, hulainisha alumini kwa joto la msuguano, kisha pini inayozunguka huikoroga huku bega la kifaa, yaani sehemu pana iliyo juu ya pini, likikandamiza juu. Kisichokorogwa hakiungi. Bati la milimita 2 likipewa pini ya milimita 1.5, kingo za chini zinabaki zimegusana tu, na utando wa oksidi uko kati yake. Eksirei inaweza isilione hilo. Kata kipande, kikunje upande wa chini ukiwa nje. Kama pini haikufika, mstari unafunguka mbele ya macho yako.

Wapo wanaouliza kama kazi hii inaweza kufanywa kwa mashine ya milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kikata kinachozunguka. Inaweza kutumika, ikiwa imara. Inayotikisika haifai, wala bati lililobanwa kwa vibanio viwili pembeni halifai. Bati jembamba hunyanyuka kidogo tu na mshono umeharibika.

Anayetaka kuthibitishwa kwa ISO 25239, kiwango cha kimataifa cha uchomeleaji huu wa alumini, aanze na utaratibu wa awali wa maandishi: aloi (aina ya mchanganyiko wa alumini) na hali yake ya ugumu, unene, umbo na urefu wa pini, mizunguko kwa dakika, kasi ya kusogea, mwinamo wa kifaa, vibanio na bamba la chini. Kisha atachomelea kipande cha majaribio mbele ya mkaguzi. Opereta hupimwa peke yake, kwa sehemu ya 3 ya kiwango hicho. Utaratibu hupimwa kwa sehemu ya 4. Ukibadilisha aloi au pini, cheti cha zamani hakikubebi. Fomu isiyotaja urefu wa pini tunairudisha. Sampuli iliyopigwa msasa chini kabla ya kuletwa tunaikataa, na maombi yanaanza upya. Kuandika namba ya kiwango kwenye bidhaa ambayo haijathibitishwa ni kumdanganya mteja, hata kama mshono ni mzuri.

Wanaoagiza 6061-T6, aloi ya alumini iliyoimarishwa kwa joto, wakumbuke pia kwamba joto la uchomeleaji hupunguza nguvu ya aloi hiyo kandokando ya mshono. Hilo lihesabiwe kwenye mchoro kabla bati halijakatwa.