Treni ndogo zaidi si rahisi zaidi kwa mtoto

Wazazi wengi wanaoanza kujenga reli ya mfano mezani na watoto hufikiri hivi: meza ni ndogo, mikono ya watoto ni midogo, basi tuchukue treni ndogo kabisa. Sivyo. Katika kipimo cha N, yaani 1:160 (treni ni ndogo mara 160 kuliko ya kweli), reli mbili zimeachana milimita 9 tu. Behewa lake ni jepesi mno. Uchafu kidogo au kiungo cha reli kisichokaa sawa kinatosha kuliangusha, na kulirudisha relini humtoa jasho hata baba mtu. Kipimo cha HO, 1:87, kina upana wa milimita 16.5 kati ya reli. Hapo mtoto huyaona magurudumu na kuyapanga mwenyewe.

Na nafasi je? Duara la HO lenye nusukipenyo cha sentimita 46 huenea kwenye ubao wa upana wa mita 1.2, na katikati hubaki mahali pa kilima cha karatasi na gundi. Ila ubao usiubane kwenye kona: treni hupenda kuanguka kule kule mkono usikofika. N nayo ina utamu wake, safari ndefu katika eneo dogo, kwa mwenye subira.